Tone la Rangi ya Chai

Tone lilianguka saa moja asubuhi, katikati ya mgongo wa gauni jeupe.

Mama Sindano alikuwa amekwisha kusali. Alikuwa amechemsha chai, amewatoa watoto kwenda shule, na ameketi kwenye cherehani na shali mabegani. Aliliona tone likitua. Likatanuka polepole kwenye kitambaa, rangi yake kama chai nyepesi.

Hakupiga kelele. Alilitoa gauni kwenye mashine, akalipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama kwa muda mrefu. Hilo lilikuwa gauni la tatu kuharibika.

Majirani walimwita Mama Sindano kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ushonaji wake. Ya pili ni ulimi wake.

Mwezi ule alikuwa na kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Hospitali ilimpa magauni thelathini ya wauguzi. Muuguzi mkuu alikuja mwenyewe kuleta kitambaa, naye si mtu wa maneno mengi. "Mama," alisema, "mgonjwa akiona doa kwa muuguzi, hajui ni chai au ni damu. Lenye doa silipokei. Ukishindwa, nitampa mwingine kazi hii na zote zitakazofuata."

Zilibaki wiki mbili.

Mume wake, dereva wa lori, alitoka chumbani. Alikuwa amevaa koti, kofia ya sufu, na soksi mbili mbili.

"Dari imevuja tena," alisema Mama Sindano.

"Pale pale?"

"Pale pale. Paa lina miezi mitano, Baba Watoto. Mitano. Hata mtoto wa miezi mitano hajaanza kutambaa, hili letu limeshachoka."

Mume alitazama soksi zake. "Basi fundi ametuchezea," alisema.

Chumba kilikuwa kimefungwa barabara. Madirisha yalifungwa, mapazia yalifungwa. Nguo zilizofuliwa jana zilining'inia kwenye kamba ukutani, bado mbichi. Maji yalikuwa yanachemka jikoni, na kati ya jikoni na chumba hapakuwa na mlango. Pasi ya mvuke ilikuwa inafoka juu ya meza. Hita ilikuwa imewaka tangu alfajiri, nyekundu kama jicho la mgonjwa, na bado miguu ya Mama Sindano ilikuwa baridi kama ya kuku aliyechinjwa jana.

Alilikunja lile gauni. Akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" mume aliuliza.

"Kumtafuta fundi wako."

Mume aliviangalia vile viatu. Kisha akarudi chumbani.

*

Fundi wa mabati alipatikana kila asubuhi mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Hapo alisubiri kazi pamoja na wapakiaji wa saruji. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye penseli nyuma ya sikio. Mama Sindano hakumsalimia. Alilikunjua gauni usoni pake.

"Hii ndiyo kazi yako."

Fundi aliliangalia. "Mimi sishoni, mama."

Wapakiaji walicheka. Kicheko kile kilikuwa kama mafuta kwenye moto.

"Unacheza na mimi?" alisema Mama Sindano. "Umeniwekea bati linalovuja kama chujio. Misumari umekula. Mbao umekula. Sijui hata kama usiku unalala, wewe mwizi wa mchana."

Ndani ya duka, yule aliyekuwa anapima misumari kwenye mizani alishusha mkono.

Fundi alitoa penseli sikioni. "Nimepaua nyumba za mtaa huu miaka kumi na mitano," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nenda ukamuulize mumeo nilimwambia nini siku ya mwisho ya kazi. Muulize. Halafu usinisemeshe tena."

Aligeuka, akaingia nyuma ya duka.

Mama Sindano alirudi nyumbani akitembea kwa kasi. Nyuma yake alisikia mtu akihema.

"Punguza mwendo, mwanangu. Nina magoti mawili tu, na yote ni mabovu."

Alikuwa jirani yake, Bibi Barafu. Aliitwa hivyo kwa sababu alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye ghala la baridi, lile la kuhifadhia nyama na mboga. Alikuwa dukani akinunua kufuli, na alikuwa amesikia kila neno.

"Kama umekuja kumtetea, Bibi, leo sina masikio."

"Sijaja kumtetea mtu. Nimekuja kuuliza swali moja. Mvua ya mwisho ilinyesha lini?"

Mama Sindano alisimama katikati ya njia. Alifikiri. "Kabla shule hazijafunguliwa."

"Wiki tatu na zaidi. Na gauni limelowa leo asubuhi." Bibi Barafu alimpita. "Haya, twende ukanionyeshe mvua hiyo inayonyesha kwako tu."

*

Walipoingia, mume alikuwa amekwenda kazini. Bibi Barafu alisimama mlangoni, akanusa.

"Humu mna unyevu kama kwenye kinywa cha ng'ombe," alisema. Alikwenda jikoni, akabandika sufuria ya maji, akaifunika, na yalipochemka akauinua mfuniko. Matone yalijipanga chini yake, kisha yakaanza kudondoka.

"Haya maji yamevuja kutoka nje?"

"Hapana. Ni mvuke."

"Mvuke wa moto ukigusa kitu cha baridi, unarudi kuwa maji. Nimeliona jambo hili kila siku kwa miaka kumi na tisa. Bati lako asubuhi ni la baridi. Basi bati ndilo mfuniko. Ninyi ndio mko ndani ya sufuria."

Mama Sindano alivuta meza, akaweka kiti juu yake, akapanda. Bibi Barafu alikishika kiti na kumpa tochi. Mama Sindano akausukuma mlango mdogo wa darini, akaingiza kichwa.

"Unaona nini?"

"Bati lina jasho," alisema taratibu. "Lote. Matone yanateremka kwenye mbao, yanaokota vumbi, yanaingia kwenye nyufa za dari."

"Ndiyo rangi ya chai hiyo, vumbi na mbao. Sasa tazama pembeni, ukuta unapokutana na paa. Unaona mwanga?"

"Sioni. Giza tupu."

"Giza? Fundi yule huacha matundu ya hewa kila nyumba. Kwangu yapo. Shuka, twende nje."

Nje, Mama Sindano aliegemeza ngazi ukutani, akapanda hadi chini ya paa. Tundu lilikuwepo, limekatwa vizuri, lina wavu wa kuzuia panya na popo. Lakini lilikuwa limesokomezwa kitu. Alikivuta. Kikatoka kitambaa. Akavuta tena. Kikatoka kingine, cha maua mekundu.

Alikitambua. Kilikuwa kipande kilichobaki aliposhona mapazia ya mteja mmoja. Mwezi uliopita mumewe alimwomba mfuko mzima wa vipande. Alisema ni vya kufutia lori.

Mama Sindano alikaa pale juu ya ngazi, kitambaa mkononi. Uso ulimwaka moto. Hasira ilikuwa ile ile ya asubuhi, ila sasa haikujua iende kwa nani.

"Mungu anisamehe," alisema. "Nimemwita mtu mwizi mbele ya watu."

"Atakusamehe Mungu," alisema Bibi Barafu kutoka chini. "Fundi ni habari nyingine."

*

Mume aliporudi jioni, vitambaa vilikuwa vimepangwa mezani kama ushahidi mahakamani. Bibi Barafu alikuwa ameketi na kikombe cha chai. Alikuwa amekataa kuondoka.

"Lori limefutwa vizuri?" aliuliza Mama Sindano.

Mume aliona vitambaa. Akavua kofia. "Baridi ilikuwa inaingia pale. Nilitaka mpate joto."

"Fundi alikuambia nini siku ya mwisho?"

Mume aliikunja kofia mkononi.

"Baba Watoto, nakuuliza kwa upole, na upole wenyewe unakaribia kuisha."

"Alisema tuweke pamba ya kioo juu ya dari. Nikamwambia, sisi hatukai kwenye theluji. Baridi yetu ni miezi mitatu, inapita. Akasema basi angalau tusiguse matundu."

"Ukayaziba. Halafu asubuhi ukaniacha niende kumtukana."

"Ulikuwa umeshavaa viatu," alisema mume kwa sauti ndogo. "Nikikuona na viatu, huwa najua nimechelewa."

Bibi Barafu alicheka hadi chai ikampalia. Mama Sindano hakucheka.

"Sasa nisikilizeni wote wawili," alisema bibi alipopata pumzi. "Joto hupanda juu. Hita yenu inawaka kutwa, joto linapita kwenye nyufa za dari, linapita kwenye bati, linakwenda zake. Mnawapasha moto kunguru. Na mvuke unapanda pamoja nalo. Mlipaswa kuziba nyufa za dari na kuacha matundu ya paa. Ninyi mmeziba matundu ya paa, mkaacha nyufa za dari."

"Na hiyo pamba?" aliuliza mume.

"Ni nyuzi za kioo, laini kama pamba. Ni blanketi la nyumba. Kwenye ghala letu tuliiweka ili joto lisiingie. Kwenu itazuia joto lisitoke. Na wakati wa jua kali itazuia lisiingie, kwa hiyo haitawafaa miezi mitatu tu. Kwa baridi yetu hii ndogo, unene wa upana wa kiganja changu unatosha. Wenye theluji huweka mara mbili au tatu. Inalazwa juu ya dari, isibanwe, kwa sababu ikibanwa haifanyi kazi. Isiguse bati. Kati yake na bati hewa ipite, iingie upande huu na kutokea upande ule. Na msiifunike taa ya dari. Taa hupata moto, inaweza kuunguza nyumba."

"Na mvuke?"

"Funika sufuria. Ukipiga pasi, fungua dirisha kidogo. Nguo mbichi zipelekeni nje, hata kama zitachukua siku mbili. Na siku umeme ukikatika, nisisikie mtu ameingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Moshi wake mwingine hauonekani wala haunuki, na unaua."

Mume aliitikia kwa kichwa. "Nitamwita fundi mwingine kesho."

"Hapana," alisema Mama Sindano. "Atakuja yule yule. Mimi nitamleta."

*

Asubuhi alikwenda dukani. Aliomba dua njia nzima, maana miguu haikutaka kwenda. Wapakiaji walipomwona, waligusana viwiko. Fundi alimpa mgongo.

"Fundi," alisema Mama Sindano, "nilikuita mwizi hapa. Nimekuja kulifuta neno hilo hapa hapa. Bati halivuji. Sisi wenyewe tuliziba matundu. Nisamehe."

Fundi hakugeuka. "Sema kwa sauti. Yule wa kwenye mizani hajasikia."

Ulimi ulimwasha Mama Sindano. Alirudia yote, kwa sauti, kila neno.

Fundi aligeuka. Bado alikuwa amekasirika, ilionekana machoni. "Nilikosa usingizi jana," alisema. "Nilihesabu misumari yote ya paa lako kichwani, nikitafuta kosa langu." Kisha akachukua mfuko wake wa zana. "Nitakuja. Lakini mumeo ndiye atakayepanda darini nami. Nataka awashwe."

Na aliwashwa. Pamba ya kioo huchoma ngozi, ndiyo maana fundi alivaa glavu, mikono mirefu na kitambaa puani. Alimpa mume vyote hivyo pia, isipokuwa alichelewa kidogo kumpa glavu. Kwanza waliondoa vitambaa kwenye matundu yote na kusafisha nyavu. Waliacha mbao zikauke siku tatu. Kisha waliziba nyufa za dari kwa gundi ya kuzibia. Mwisho wakailaza pamba, iliyokuja imeviringishwa kama mkeka, wakaacha nafasi kuzunguka taa na kwenye matundu. Mama Sindano alisimama chini akiangalia kila kitu. Hakusema neno. Kila mtu alishangaa.

Wiki ile ile baridi iliongezeka. Asubuhi moja magari ya mtaani yalikuwa yamefunikwa na umande mzito. Mama Sindano aliamka, akasali, akachukua gauni jeupe kuliko yote. Akalitundika mahali pale pale pa tone. Akashona akiwa na jicho moja kwenye sindano, jingine kwenye gauni. Saa moja ikapita. Saa mbili. Gauni likabaki jeupe.

Yale matatu aliyashona upya kwa kitambaa alichonunua mwenyewe. Muuguzi mkuu alipokuja, aliyageuza yote thelathini, moja moja, mbele na nyuma, akayashika kwenye mwanga. Alipomaliza, alifungua begi lake.

"Madaktari nao wana makoti," alisema. "Utaweza?"

"Nitaweza."

Mume alitoka chumbani na fulana tu, akijikuna mkono. "Nani ameacha hita inawaka? Humu mna joto."

Hita ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa waya wake.

"Waulize kunguru," alisema Mama Sindano.

Akakichukua kile kitambaa cha maua mekundu, akakikunja mara nne. Akakiweka chini ya mguu wa cherehani uliokuwa ukicheza, akaanza kushona.