Kisomamacho na Wasifu wa Mzee Anyosisye

Ukurasa ulianza kumsoma msomaji kabla msomaji hajausoma. Ndivyo kisomamacho kilivyofanya kazi: vioo viwili, vidogo kama punje za ulezi, vilikaa pembeni mwa skrini vikifuata mboni za mtu. Mboni zikitulia juu ya picha, picha ilipanuka na simulizi likaanza. Zikihama, tovuti ilikatisha habari ile taratibu na kuleta nyingine, na mtu hakujua kamwe kwamba kuna kitu kimekatwa. Katika Mbeya ya miaka hiyo treni za waya zilipanda mlima Loleza bila dereva, na roboti zilichuma chai ya Rungwe jani kwa jani, lakini watu walipotaka kumwonyesha mgeni ajabu ya jiji walimpeleka mbele ya kisomamacho.

Aliyekibuni alikuwa Mhandisi Subilaga Mwakibete, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwepesi wa kucheka na mzito wa kukubali kosa. Kanuni yake ilikuwa moja: jicho likitoka kwenye ukurasa, kosa ni la ukurasa. "Mgeni akiacha chakula usimlaumu mgeni," alizoea kuwaambia wenzake. "Badilisha mboga." Kanuni hiyo ilimpa sifa, na sifa zina utamu wake, hatuwezi kumlaumu kwa kuzifurahia.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa wasifu wa marehemu. Zamani mtu alisimama makaburini na karatasi, akasoma kuzaliwa, kuoa, watoto na kuugua, huku waombolezaji wakihesabu mawingu. Sasa familia ilipewa ukurasa hai wenye picha, sauti na video za mtu wao. Mmoja wao aliteuliwa mtunza ukurasa. Aliutazama siku thelathini, na kisomamacho kikajifunza kwa macho yake lipi libaki na lipi liondoke. Kila baada ya siku kumi kilifuta kabisa yale yaliyokataliwa zaidi. Siku ya thelathini, saa kumi na mbili jioni, ukurasa ulijifunga, ukatumwa kwa ukoo mzima, na haukubadilika tena.

Bi Gwantwa alifika ofisini siku yake ya thelathini ya kutunza ukurasa, saa nne asubuhi. Alikuwa mama wa makamo kutoka Rungwe, kajifunga khanga juu ya koti zito, na uso wake ulionyesha hakupata usingizi.

"Ugonile, mama," Subilaga alimwamkia kwa kilugha cha kwao.

"Ndaga, mwanangu. Nimekuja kuuliza. Baba mkwe wangu mmempeleka wapi?"

Subilaga alidhani hajasikia vizuri. Akafungua ukurasa wa Mzee Anyosisye Mwaipaja, na hapo akaona mwenyewe. Kulikuwa na mgomba, kulikuwa na shamba la chai asubuhi yenye ukungu, kulikuwa na harusi ya mjukuu. Zaidi ya yote kulikuwa na ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja, ambaye simulizi lilimfuata tangu ndama hadi uzeeni, na muziki wa huzuni juu yake. Mzee mwenyewe hakuonekana hata kivuli. Ulikuwa wasifu wa ng'ombe.

Angecheka, kama si sura ya yule mama.

"Ukoo utaupokea leo jioni," Bi Gwantwa alisema. "Watasema mkamwana amemzika mzee mara mbili. Lakini hilo nalivumilia. Kuna maneno aliniachia. Roboti ya nyumbani ilimrekodi wiki ya mwisho, ikaniambia kuna ujumbe wangu humo. Kila nikiutafuta ukurasa unaniletea ng'ombe."

"Mama, kisomamacho hakikosei hivyo," Subilaga alijibu, na papo hapo akajichukia kwa kusema hivyo. "Hebu keti hapa. Nitakuonyesha uso wa mzee, nione macho yako."

Alitafuta picha ya mzee, akaiweka. Bi Gwantwa akainamisha kichwa mara moja, akavuta khanga usoni, akatazama vidole vya miguu yake. Picha ikafifia. Ng'ombe akaja.

"Mbona unainama?"

"Unaniuliza wewe, mtoto wa Mwakibete?" Mama alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mkamwana amtazame baba mkwe usoni? Miaka tisa nimemlisha. Nilikuwa naweka sahani mlangoni, nabisha, naondoka. Tumesemezana kupitia mlango huo, tumecheka kupitia mlango huo. Sura yake siijui, na sikuona kama nimepungukiwa. Ndiyo heshima tuliyopeana."

Subilaga alimkumbuka mama yake, aliyekuwa akisikia kikohozi cha babu, baba mkwe wake, uani akatokea mlango wa nyuma hata kama mikono ina unga. Mila hiyo aliijua tangu utotoni. Wakati wa kuunda kisomamacho alikijaribu kwa vijana elfu mbili wa mjini, wakitazama matangazo na mpira, na hakuna hata mmoja aliyeinama. Akakifundisha kwamba jicho lililoshuka ni jicho lililochoka. Mtoto aliyeinama mbele ya mkubwa, mjane asiyeweza kuendelea kutazama, mkamwana wa Rungwe, wote mashine iliwaandikia neno moja: wamechoka. Ikawaondolea kile walichokiheshimu kuliko vyote.

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Kurasa mia sita za marehemu zilikuwa zimeshafungwa, na hakujua ni katika ngapi mtu mpendwa alifutwa na macho ya anayempenda.

"Kosa si lako, mama," alisema. "Ni langu."

Akafungua pipa la taka la ukurasa. Mzee alikuwa amerekodiwa video kumi na nne. Kumi na moja zilikuwa zimeshafutwa, na zilizofutwa hazirudi. Alimwambia hivyo bila kuzunguka, kwa sababu mama yule alistahili kuambiwa. Bi Gwantwa alishika ukingo wa meza.

"Na wa kwangu?"

"Zimebaki tatu. Sijui kama umo."

Subilaga alikizima kisomamacho. Mahali pake akaweka kitufe cha kawaida, cha duara, kilichoandikwa Endelea, aina ya kitufe ambayo wenzake waliicheka kwenye majumba ya makumbusho. Ukurasa sasa ungemsubiri mtu aseme mwenyewe anachotaka. Akazirudisha zile video tatu mahali pake. Ya kwanza mzee alieleza mipaka ya shamba. Ya pili aliimba wimbo wa kanisani, akasahau ubeti, akacheka.

Ilipofika ya tatu, Bi Gwantwa, aliyekuwa akisikiliza ameinama, aliusikia mlio wa kiti cha mzee, aliouzoea kupitia mlango, akageuka haraka akaipa skrini mgongo.

"Gwantwa," ilisema sauti ya mzee. "Nimekula mkononi mwako miaka tisa. Mama yangu alinilisha mitano tu, akafa. Basi hesabu mwenyewe nani mama yangu. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu."

Mama alilia bila kujificha, na Subilaga naye machozi yakamtoka.

"Anatazama wapi?" Bi Gwantwa aliuliza, bado kageukia dirishani.

Subilaga aliitazama video vizuri kwa mara ya kwanza. "Ukutani, mama. Amegeuza kiti kabisa, uso hauonekani."

"Hauonekani hata kidogo?"

"Kisogo tu, na mabega."

"Basi alijua ni mimi nitakayetazama," alisema Bi Gwantwa.

Akageuka polepole. Akainua macho, na safari hii hakuyashusha. Alitazama mvi za kisogoni, shingo nyembamba, na sweta ya kijivu aliyomfumia mwaka wa kwanza kwa kukisia vipimo vyake kutokana na sauti. Akasogea karibu na skrini, akaweka kidole pale ambapo mshono ulikuwa umevutika.

"Ilimbana mabegani," alisema. "Miaka yote hiyo ilimbana, na hakuniambia."