Miguu ya Igihozo

Asubuhi, mtaani Murara, mjini Goma. Nyirarukundo anafagia mavumbi meusi mlangoni. Mama yake mzee, Tate Nyiransengimana, yaani bibi wa nyumba hiyo, anachambua maharagwe. Na Igihozo je? Huyo msichana wa miaka kumi na tano amejinyoosha kwenye kiti na telefone yake.

"Igihozo, uko nafanya nini?"

"Niko naangalia habari ya volkano, mama."

Habari ya volkano! Volkano gani hiyo inayoimba na kucheza dansi? Lakini Nyirarukundo aliendelea kufagia. Telefone alimnunulia yeye mwenyewe. Alisema nje kuna waasi na risasi, afadhali mtoto akae ndani. Basi Igihozo akakaa. Alikaa asubuhi, akakaa jioni, mwaka mzima.

Ndipo Mei 2021 ile volkano ya Nyiragongo, karibu na mji, ikalipuka. Siku chache baadaye watu wakaambiwa waondoke, na umati ukashika njia ya Sake. Kufika Mugunga, Igihozo akaketi chini. Miguu ilimvimba, pumzi zilimwishia.

"Simama, mwanangu! Tutabaki peke yetu!" mama alilia.

Hakuweza. Godoro lao lilikuwa kwenye tshukudu ya mchukuzi Munyakazi, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Mama akalitupa godoro kando ya njia, Igihozo akapanda mahali pake.

"Angalieni! Tate iko kwa miguu, mutoto iko kwa tshukudu!" watu walicheka.

Igihozo akajifunika kitenge usoni kwa haya.

Waliporudi Goma, moyo wa Nyirarukundo haukutulia. Je, wakikimbia tena, na tshukudu isipatikane? Atamwacha mtoto, au atamwacha mama yake? Akamwita jirani yao Charline, muuguzi wa kituo cha afya.

Charline alimsikiliza Igihozo kifua, akamkagua miguu.

"Hana ugonjwa, Mama Igihozo. Anakaa sana tu. Mwili wenye haufanyi kazi unasahau kazi. Miguu inakosa nguvu, hata usingizi unakimbia."

"Nilimufungia mu nyumba ju ya vita."

"Nakuelewa. Siku ya risasi, mubaki ndani. Lakini hata ndani mutu anaruka kamba, anacheza, anafua. Kijana anapashwa kutikisa mwili saa moja kila siku, mpaka pumzi ipande. Anaweza kuigawa: dakika kumi hapa, kumi na tano pale."

"Na habari ya volkano?" Igihozo akauliza haraka.

"Radio inazisema asubuhi na jioni. Telefone ipate saa yake. Wakati wa kulala, ibaki kwa mama."

Tate akacheka. "Na mama naye, ya kwake itabaki kwa nani?"

"Kwako, Tate! Mutoto anafuata macho ya mama yake."

Nyirarukundo akaficha telefone yake chini ya kitenge. Loo, aliona aibu!

Wiki ya kwanza Igihozo alinuna. Aliruka kamba mara ishirini, akaketi akihema. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Alienda ziwani kuchota maji na bidon ndogo, baadaye na kubwa. Siku za milio ya risasi walicheza dansi chumbani, Tate akiwapigia makofi. Usingizi ukarudi. Kununa kukaisha.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa wote watatu walikwenda kwa miguu hadi Kibati, kwenye shamba la Tate. Walivuka ile lava mpya, nyeusi. Wakati wa kurudi na viazi, wakamkuta Munyakazi na tshukudu yake.

"Mama! Leo tena nabeba mutoto?"

"Hapana, papa Munyakazi," Igihozo akajibu. "Beba viazi. Na Tate, kama anataka."

"Miye? Jamais, hata siku moja!" Tate akakaza kitenge, akatangulia.

Aliyechoka alikuwa Nyirarukundo. Aliketi juu ya jiwe, akavua viatu. Igihozo alikuwa amefika mbali. Alipogeuka akamwona, akarudi mbio, akamnyooshea mkono.

"Simama, mama. Siwezi kukuacha njiani."

Nyirarukundo akaushika mkono ule. Ulikuwa na nguvu. Alilia kidogo, akacheka sana, wakashuka pamoja hadi Murara.