Kiti cha Kavumbi

"Sema jina lako! Sema unachotaka!"

Bi Mwanapili, fundi wa ngoma ya pepo, aliinama mpaka pumzi yake ikamgusa Mwanaima usoni. Jua la alasiri lilikuwa linawaka, ubani umejaa ua mzima, na wanawake wa Msambweni wamekaa duara wakipiga makofi. Katikati yao, juu ya mkeka, Mwanaima alikuwa amefunikwa shuka nyekundu, mabega yakimtetemeka.

Mabega hayo aliyatetemesha mwenyewe. Hakuwa na pepo wala kivuli cha pepo. Alikuwa na uongo wake tu, ambao aliufanyia mazoezi chumbani mpaka akaukariri.

"Mimi Kavumbi!" alinguruma kwa sauti nzito ya kiume.

Jina alilibuni, na sauti ya kiume aliichagua kusudi, ili Mjomba Chirau aogope.

"Karibu, Kavumbi. Wataka nini? Pete? Mbuzi mweusi?"

"Nataka kiti cha magurudumu! Kile chepesi, cha kukunjwa, chenye magurudumu mawili makubwa kama ya baiskeli. Binti huyu ajisukume kwa mikono yake. Mtu asimsukume!"

Makofi yalikatika ghafla.

"Makubwa! Pepo huyu ametembea hadi Mombasa," mwanamke mmoja alinong'ona.

Pepo hakutembea popote. Aliyetembea ni Sefu, kijana wa kiwanda cha sukari, aliyemposa Mwanaima kabla ya ile homa ya mwaka wa hamsini na nne iliyomwacha msichana wa watu bila nguvu za miguu. Wengi walidhani Sefu angekimbia. Hakukimbia. Alivuka Likoni akazunguka maduka ya Mombasa, akarudi na habari.

"Kuna viti viwili, Mjomba," alimwambia Mzee Chirau. "Kimoja ni cha mbao na chuma, kizito kama kitanda. Lazima mtu asimame nyuma akisukume. Cha pili ni cha mabomba membamba na turubai. Nimekinyanyua kwa mkono mmoja! Aliyekikalia huzungusha magurudumu mwenyewe. Niruhusu nitoe akiba yangu nimnunulie."

"Mwanamume hamnunulii mwari miguu kabla ya nikaha," Chirau alijibu. "Na kama ni kiti, nitatafuta kile kizito. Mpwa wangu atasukumwa kwa heshima. Hatajisukuma kama mkokoteni wa sokoni."

"Na asipokuwapo wa kunisukuma, Mjomba?" Mwanaima aliuliza kutoka sakafuni.

"Utangoja."

Kungoja! Mwanaima alingoja kubebwa msalani, alingoja kutolewa juani, alingoja watu wamkumbuke. Baba yake alikuwa ameshafariki, na kwa Wadigo neno la mjomba ndilo la mwisho. Lakini mjomba anayemkatalia binadamu hathubutu kumkatalia pepo. Hapo ndipo akili ya Mwanaima ilipoanza kufanya kazi.

Na ujanja ule ulifanikiwa. Chirau aliuza ng'ombe wake mmoja, majirani wakaleta kuku na nazi, na Bi Jumwa, jirani aliyefiwa na mumewe, akamtoa mbuzi wake wa pekee. Sefu akatumwa Mombasa, akarudi na kiti amekibeba begani, kimekunjwa, na yeye anacheka peke yake njiani kama mwendawazimu.

Mwanaima alinyoosha mikono. Bi Mwanapili akamzuia.

"Taratibu, mwanangu. Kiti si chako."

"Si changu?"

"Kilichoombwa na pepo ni cha pepo. Kitakaa pembeni mwa chumba chako, juu ya shuka nyekundu. Utakikalia siku za Alhamisi tu, Kavumbi akishakupanda kichwani." Bi Mwanapili alimgeukia Sefu. "Nawe, mwanangu, sikiliza. Kavumbi ni mwanamume. Mwanamume akidai kitu kwa ajili ya mwanamke na akapewa, huyo ni mume. Ukimtaka Mwanaima, sharti uombe ruhusa kwake."

Kicheko cha Sefu kilikufa. Mwanaima aliirudisha mikono yake mapajani. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye alikuwa ameshazama mpaka shingoni.

Alhamisi ya kwanza alitetemeka, akanguruma, akawekwa kitini. Aliposhika magurudumu na kusukuma, kiti kilikwenda! Alivuka ua, akazunguka mnazi, akafika mpaka barabarani kwa mikono yake. Alitaka kulia kwa furaha.

"Salaam aleikum, Kavumbi," majirani walimwambia, macho chini.

Hakuna aliyemwita Mwanaima. Alipokuwa akitambaa waliuliza hali yake. Alipokaa kitini walimsalimia mtu mwingine.

Mambo yenyewe hasa yalianza baadaye. Adhuhuri moja alikuwa amelala chumbani, akaamshwa na harufu ya tumbaku, na nyumba ile hakuna avutaye. Alitazama pembeni. Turubai la kiti, ambalo huwa limenyooka, lilikuwa limebonyea katikati.

"Nani hapo?"

Gurudumu lililia kidogo, likanyamaza.

Bi Jumwa aliingia na bakuli la uji, akasita mlangoni.

"Samahani, mwanangu. Sikujua una mgeni."

"Mgeni gani, Bi Jumwa?"

Yule bibi alikitazama kiti tena. Bakuli lilimwinamia, uji ukamwagika.

"Macho ya uzee haya," alisema, akatoka bila kugeuka nyuma.

Mwanaima hakupata usingizi wa mchana tena. Kila alipofumba macho alihisi anatazamwa. Alijua vizuri kwamba hakuna Kavumbi, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtunga. Basi aliyekaa pale alikuwa nani?

Alhamisi iliyofuata Sefu alikuja amevaa kanzu nyeupe, mkononi ana chupa ya marashi. Alimwamkia Chirau.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Ingia. Bwana mwenyewe ameshapanda."

Mwanaima alikuwa kitini, amefunikwa shuka. Moyo ulimwenda mbio, lakini kwa furaha. Leo angeumaliza mchezo huu. Sefu angeomba, Kavumbi angesema "Mchukue," na mambo yangekwisha.

Sefu alipiga magoti mchangani.

"Bwana Kavumbi, nimekuja kwa adabu. Mwanaima nilimpenda anatembea, na nampenda hivi alivyo. Sina ugomvi nawe. Naomba unipe ruhusa nimuoe."

Machozi yalimlenga Mwanaima. Alifumbua mdomo.

"Hapana."

Sauti ilikuwa nzito, ya kiume, na haikutoka kooni mwake. Ilitoka nyuma ya shingo yake, kwenye turubai aliloliegemea. Lakini uso ulikuwa umefunikwa, na ua mzima ulisikia neno moja likitoka kitini.

"Nimesikia, bwana," Sefu alisema. Aliweka marashi chini, akainuka, akageuka kwenda zake.

"Sefu, ngoja!" Mwanaima aliirarua shuka usoni. "Hakuna Kavumbi! Nilidanganya! Jina nililibuni mwenyewe, na ile sauti niliigiza, ili nipate kiti hiki!"

Watu waliduwaa. Chirau alisogea, midomo ikimcheza.

"Ng'ombe wangu nimemuuza kwa uongo?"

Sefu alirudi hatua moja. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kama hakuna Kavumbi," alisema polepole, "basi aliyeniambia hapana ni wewe."

"Si mimi, Sefu! Wallahi si mimi!"

"Basi ni nani?"

Mwanaima aliona amejifunga mwenyewe. Akisema pepo yupo, atakuwa mke wa pepo. Akisema hayupo, atakuwa amemkataa mtu anayempenda kuliko nafsi yake.

"Shuka hapo," Chirau aliamuru. "Kiti kinarudi dukani. Sefu, kichukue."

Mwanaima alijishusha mchangani. Sefu, aliyekibeba kiti begani kutoka Mombasa, alikishika akavuta. Hakikuinuka. Chirau alisaidia upande wa pili, mishipa ikamtoka shingoni. Kiti hakikusogea hata kidogo, na turubai lilikuwa limebonyea.

Mtoto alianza kulia. Wanawake wawili walikusanya kanga zao wakatoka mbio.

"Niliujua uongo wako tangu siku ya kwanza," Bi Mwanapili alimwambia Mwanaima. "Pepo hasa hachungulii kutoka chini ya shuka kuona kama mjomba ameogopa. Nilinyamaza kwa huruma, nikakuwekea masharti ili uungame mwenyewe. Lakini uliita jina, mwanangu, kisha tukaweka kiti kitupu. Ukifanya hivyo, atakuja wa kukikalia."

"Mwondoe, Bi Mwanapili! Nakuomba!"

"Mimi huwaaga niliowakaribisha. Huyu umemkaribisha wewe."

Hapo Bi Jumwa alisimama.

"Mbuzi wangu nilimtoa kwa ajili ya Mwanaima. Kavumbi simjui, wala hakuwahi kunisaidia kusuka hata ukili mmoja wa mkeka, kama Mwanaima. Nawe Chirau, ng'ombe wako ulimtoa kwa kumpenda nani?"

Chirau alikiachia kile kiti.

"Kwa kumpenda mpwa wangu," alisema hatimaye. "Tangu mwanzo nilikataa kwa kuona haya tu. Sikutaka watu wamwone anapita barabarani peke yake, waseme Chirau ameshindwa kumtunza. Nisamehe, mwanangu. Umekosa kwa kudanganya, na mimi nimekosa kwa kukukatalia. Kiti ni chako."

Mwanaima alitambaa. Kila kiungo chake kilikuwa kinamwambia arudi. Alifika mbele ya kiti, harufu ya tumbaku ikampiga puani.

"Nipishe," alisema. "Hiki nimepewa mimi."

Alishika vyuma akajivuta juu. Alikalia kitu cha baridi, kigumu kama magoti ya mtu. Alifumba macho, akajikaza, akabaki papo hapo. Kidogo kidogo ule ugumu ukalegea, mpaka akahisi turubai lenyewe. Akasukuma. Kiti kilikwenda, kikampeleka mpaka mbele ya Sefu.

"Niulize mimi sasa. Usimuulize mwingine."

"Wanitaka, Mwanaima?"

"Nakutaka. Kama nawe bado unamtaka mwongo."

Sefu alipangusa jasho.

"Uongo nimeusamehe. Lakini lile neno, hapana... Bado linanilia masikioni. Nipe muda."

Akaondoka. Mwanaima hakulala kitandani akalia. Kila siku alitoka na kiti chake, akaenda kisimani, akaenda sokoni kuuza mikeka yake, na watu wakazoea kumwita kwa jina lake. Wapo walioapa kwamba jioni alipokunja kiti, kilichelewa kidogo kukunjika, kama kuna anayesitasita kuinuka. Mwanaima naye aliliona hilo, na hakumwambia mtu. Sefu aliyaona yote hayo kwa mbali, mapenzi yakamshinda, akaleta wazee.

Siku ya nikaha, wanawake walijaa chumbani, na Mwanaima yuko kitini, amejifunika ushungi, mikono ina hina. Mwalimu wa chuo cha Kurani alifika mlangoni pamoja na mashahidi. Sefu alikuwa barazani, ukuta mmoja tu kati yao.

"Mwanaima binti Kaingu, umeridhika uozwe Sefu bin Kibwana?"

Mwari huona haya, hunyamaza, na kimya chake ndiyo ridhaa. Wanawake walikuwa tayari kupiga vigelegele.

"Hapana."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ndani ya chumba kisicho na mwanamume. Barazani minong'ono ilikatika. Mwalimu alirudi nyuma akisoma Ayatul Kursi. Nyuma ya shingo ya Mwanaima mtu alikuwa anapumua.

Mwanaima aliyakamata magurudumu kwa nguvu.

"Mwalimu, umemuuliza nani?"

"N-nimekuuliza wewe, binti yangu."

"Basi jibu ni langu. Nimeridhika!"

Alilisema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. Bi Jumwa ndiye aliyeanza kigelegele, wengine wakafuata, huku wanakitazama kiti kwa pembe za macho.

Nikaha ikafungwa. Sefu aliingia kumpa mkono bibi harusi. Alipiga goti mbele ya kiti, akamsogelea mkewe sikioni.

"Nilisikia majibu mawili."

Mwanaima alimtazama machoni.

"Na wewe umeshika lipi?"

"Lako," Sefu alisema.