Karatasi Iliyobaki Nyeupe

Mtafiti alikutwa sakafuni saa mbili na nusu asubuhi, kati ya meza ya hadubini na beseni, kiatu kimoja kimemvuka. Povu lilikuwa limeanza kukauka mdomoni.

"Mboni zimebana kama ncha ya sindano," alisema daktari wa polisi. "Dawa ya wadudu, ile ya mashambani. Ameinywa."

Inspekta alikuwa mwanamke asiyemwamini mtu kabla ya saa nne, na baada ya saa nne aliamini nusu tu. Aliwatazama wawili waliokuwa na funguo za maabara: Katibu, aliyeukuta mwili, na Fundi, msaidizi wa marehemu kwa miaka tisa. Wote walikuwa wakilia. Hilo halikumshtua, hata kitunguu hutoa machozi.

"Alikuwa na adui?"

"Leo ndiyo angepata, Afande," alisema Katibu. "Watoto kumi na mmoja wamelazwa kwa maji ya mto. Jana aliniambia kalijua bomba linalotia sumu, na leo angemtaja mwenye bomba. Sasa ripoti siioni."

"Nani mwingine alijua?"

"Fundi."

Fundi alifuta uso. "Nilifika saa moja, nikaosha chupa zangu, nikaenda stoo. Sikuona kitu."

"Kikombe chake cha chai kimeoshwa. Nani kakiosha?"

"Labda mwenyewe."

"Anakata roho, kwanza aoshe vyombo?"

Inspekta akainua macho kwenye uzi uliofungwa juu ya beseni, karatasi ndogo zimebanwa kwa vibanio vya nguo.

"Hizi ni nini?"

Hapo Fundi alipata sauti. Kazi yake aliipenda, masikini.

"Vipimo. Zimelowekwa kimeng'enya cha maini ya ng'ombe. Maji safi, karatasi inageuka buluu. Yakiwa na dawa ya wadudu, kimeng'enya kinakufa, karatasi inabaki nyeupe. Chombo kikishaoshwa, lazima tupime maji ya kusuuzia. Unatundika, unangoja dakika tano, unasoma."

"Na pembe hizi zilizokunjwa?"

"Marehemu alikunja ya kulia, mimi ya kushoto. Tusichanganye."

Inspekta alifungua daftari la vyombo. Asubuhi ile, kwa mwandiko wa Fundi: chupa nne. Akahesabu karatasi kwenye uzi, polepole, mara mbili. Zilikuwa sita, zote za pembe ya kushoto. Tano buluu, moja nyeupe.

"Chupa nne, karatasi sita. Chombo gani hukukiandika, ukakipima mara ya kwanza karatasi ikabaki nyeupe, ukakisuuza tena mpaka ikawa buluu?"

"Nimepitiwa tu, Afande."

"Hapa mnapima vikombe vya chai?"

"Hapana," Katibu alidakia. "Hata siku moja."

"Basi anayekipima ni yule anayejua kilikuwa na nini. Ulitaka uhakika kwamba kimetakata. Mkono ukafuata mazoea, ukatundika. Katibu akafungua mlango kabla hujazitoa."

Fundi aliketi kwenye stuli. Alionekana kuchoka ghafla.

"Mwenye bomba ni kaka yangu," alisema. "Mama mmoja, baba mbalimbali, majina hayafanani, ndiyo maana marehemu hakujua. Juzi niliona chupa ya sampuli ina jina la shamba lake. Afande, aliacha shule ili mimi nisome. Ningekaaje nimwone anafungwa? Ripoti nimeichoma."

"Ulimuuliza marehemu chochote?"

"Ningeanzia wapi?"

"Na kaka yako?"

Fundi alitikisa kichwa.

Kaka mtu aliitwa, akafika kituoni saa sita, matope kwenye viatu. Inspekta alimweleza yote, akamwacha aketi mbele ya mdogo wake. Inspekta, aliyezoea kushuku, alijikuta anawaonea huruma wote wawili.

"Chupa ile niliipeleka mimi," kaka alisema hatimaye. "Niliposikia watoto wanaumwa, nililifunga bomba, nikaenda kwa marehemu. Nikamwambia, pima, ikithibitika andika jina langu, nitajibu. Nilimwomba tu asimwambie mtu mpaka nikueleze mwenyewe."

"Kaka..."

"Nilikuwa nije kwako jioni ya leo."

Fundi aliinamisha kichwa mezani. Kaka aliunyoosha mkono kumshika bega, ukafika katikati, akaurudisha.

"Nilikusomesha," alisema, "ili angalau mmoja wetu asiwe na damu ya mtu mikononi."