Jiwe Nililolisogeza Nyuma ya Kanisa

Niko na miaka hamsini na mbili, na nilizoea kusema hakuna kitu duniani kinaweza kunishtua. Shule niliachia darasa la nne. Niliuza maji kwa mkokoteni pale Noonkopir hadi nikanunua lori... leo ziko tatu! Wenye digrii hunipigia simu wakitaka mchanga. Lakini wenzangu mnaosoma hapa, mimi nimefungwa miaka saba bila kuona mlango wa jela.

Nilinunua kipande cha shamba kwa jirani yangu Mmaasai, Mzee Parsaloi. Mwaka huo ukame ulikuwa mkali, akahamisha ng'ombe mbali na kumwachia mwanawe Lemayian boma. Mimi nikang'oa bikoni, lile jiwe la mpaka, nikalisogeza hatua kumi na tano ndani ya shamba la mzee. Kile kipande nilichomega nikakipatia kanisa! Nikapigiwa makofi... nikafanywa mzee wa kanisa.

Parsaloi aliporudi akakuta shamba limepungua, akadhani mwanawe ameuza kipande. Lemayian aliapa hajauza. Nani angemwamini? Baba yake alimfukuza, akaenda kubeba mawe ya ujenzi huko Gataka. Hata mama yake alizikwa yeye hayuko.

Ningesema aje? Kanisa lilikuwa limesimama! Kila nikitaka kufungua mdomo, waumini wananishukuru tena...

Mchungaji alihubiri juu ya moyo mnyofu, unaopokea neno kama shamba lililolimwa vizuri. Nikampiga mke wangu kiwiko: "Hiyo ni yako, Mama Njeri."

"Na yako itahubiriwa lini?" akanijibu.

Jumapili moja Mzee Parsaloi alikuja mbele, akanishika mkono na kunisalimia kwa Kimaasai. "Sopa, ndugu yangu. Niombee. Nataka kusamehe ule mtoto mwizi, lakini moyo inakataa."

Mimi! Kati ya watu wote, mimi! Nilifunga macho, maombi yakakataa kutoka. Nikajisikia nikisema: "Mzee, Lemayian hakuiba. Mwizi ni mimi."

Nilingoja rungu. Machozi yalimtoka mzee. Halafu akasema: "Jiwe irudi mahali yake. Kanisa ikae, hiyo nitapatia Mungu mimi mwenyewe. Na wewe, uniletee mtoto wangu."

Lemayian alikuja. Hakunisalimia, na hadi leo hajanisalimia. Alinipita akaenda moja kwa moja kwa kaburi la mama yake, akapiga magoti... Hiyo nitairudisha na nini?

Wenzangu, tafadhali, msisikilize neno la Mungu kwa niaba ya jirani. Kama kuna kitu umeficha, kiseme leo, kabla watu hawajakupigia makofi! Miaka saba niliogopa kwamba ukweli utakula lori zangu zote. Savea, yule mpima ardhi wa kurudisha jiwe, alitaka elfu kumi na nane. Nauli ya Lemayian kutoka Gataka, mia nne. Basi. Shilingi elfu kumi na nane na mia nne.