Mwongozo wa Profesa Baruti

Itangazwe kwa wakazi wote wa mtaa wa Muaither, wa juu na wa chini, kwamba mwanafunzi mashuhuri Jebet binti Kiprop amewasili Doha kwa likizo ya Desemba, na kwamba shughuli zote zisimame kwa heshima yake.

Hakuna kilichosimama. Mwanafunzi mashuhuri alikuwa amepiga magoti bafuni akisugua soksi za baba yake, kwa sababu mashine ya kufulia ilitumiwa na familia sita, na zamu yao ilikuwa Alhamisi.

Jebet alikuwa na miaka kumi na minne. Katika shule yake ya bweni kule Eldoret alijulikana kwa jambo moja: aliwahi kubandika notisi ya uongo, yenye muhuri aliouchonga kwa kiazi, iliyosema kwamba uji wa Jumamosi ungeletwa na siagi. Shule nzima ilipanga foleni. Aliadhibiwa kwa kufyeka nyasi wiki mbili, lakini hakujuta.

Baba yake alikuwa amelinda lango la klabu moja ya kulenga shabaha kwa miaka sita, juani. Wiki tatu zilizopita alihamishiwa karakanani, kwenye kivuli na feni. Kazi ilikuwa kujaza upya risasi za bunduki: ganda lililokwisha kutumika linasafishwa, linatiwa kiwashio kipya, baruti inapimwa kwa mizani, kisha kinawekwa kichwa kipya, kile kinachoruka kwenda shabahani.

"Kuna kitabu cha watengenezaji wa baruti," alimwambia Jebet jioni moja akikuna shingo. "Kinene, Kiingereza kitupu. Naona haya kumsumbua msimamizi wetu, Mzee Faraji, kila dakika. Wewe umesoma, mama. Nitafutie vipimo kwenye intaneti, uniandikie kwa Kiswahili."

Jebet alitafuta nusu saa. Alikuta wanaume waliojificha nyuma ya majina ya kubuni, kila mmoja akiapa kwamba kipimo chake ndicho sahihi, na wengi hawakutaja hata ni baruti ya aina gani. Akachoka. Akachagua tarakimu zilizompendeza, akaziandika kwa mwandiko wa kupendeza, akachora muhuri kwa kuzungushia kizibo cha soda, na chini akatia sahihi: Profesa Baruti Mlipuko, Bingwa wa Mabingwa. Alitarajia baba akifika kwenye jina hilo atacheka mpaka alie.

Baba hakucheka. "Profesa kabisa!" alisema, akaikunja karatasi na kuitia mfuko wa shati. "Mungu akubariki."

Jebet alicheka akiwa ameficha uso kwenye mto wa kitanda. Angemwambia kesho.

Kesho yake baba alishaondoka na basi la kampuni. "Leo ana mtihani," mama alisema akifunga viatu kwenda kazini hotelini. "Anajaza risasi kumi mwenyewe, kisha anazifyatua mbele ya mudir, yule meneja wa klabu."

Mama alipoondoka, Jebet alirudi kwenye kompyuta. Safari hii alifungua ukurasa wa kampuni inayotengeneza baruti yenyewe. Ulieleza wazi kwamba kila baruti ina kipimo chake, na kwamba ikizidi, bunduki inaweza kupasuka usoni mwa anayeifyatua.

Alimpigia baba simu. Ililia mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Ndipo alipokumbuka kwamba wafanyakazi wote wa karakana huacha simu langoni.

Alibisha mlango wa jirani, Athanas, dereva wa teksi.

"Mjomba, nipeleke klabuni kwa baba."

"Kuna nini asubuhi yote hii?"

"Nimemuua."

Athanas aliacha chai yake mezani.

Walipofika langoni, askari aliwazuia. Kutoka ndani ulisikika mlio wa risasi, kisha mwingine. Kwa kila mlio Jebet aliinamisha kichwa. Wa tatu, wa nne, wa tano. Kisha kimya.

Kimya hicho ndicho kilichomwangusha. Aliketi mchangani, akaiona akilini mikono ya baba ikitia sahihi ripoti zake za shule, vidole vyote kumi. Nani angemweleza mama? Angeanzia wapi, kwenye kizibo cha soda?

"Simama, mwanangu," Athanas alisema, akimshika mkono.

Baada ya muda mrefu alitoka mzee mwenye miwani, ameshika karatasi. Nyuma yake alikuja baba, mzima, macho yote mawili, ameinamisha uso.

"Shikamoo," Jebet alinong'ona.

"Marahaba. Mimi ni Mzee Faraji. Risasi ulizosikia ni za wanachama. Karakanani kwangu mtu hapimi baruti peke yake. Mmoja anasoma kipimo kwa sauti, mwenzake anakihakikisha kitabuni, ndipo inamiminwa. Leo baba yako alisoma kipimo kisichokuwemo. Namuuliza kakitoa wapi, ananiambia kwa profesa."

"Mudir amenirudisha langoni," baba alisema. "Miaka sita juani, Jebet. Kivulini nimekaa wiki tatu tu."

Jebet alilia bila sauti.

"Kiprop, uliona haya kuuliza," Mzee Faraji alisema, "na haya hiyo nusura ikugharimu macho. Nawe binti, kipimo cha baruti hakitafutwi kwa watu wasio na majina. Kinatoka katika kitabu cha aliyeitengeneza, toleo la sasa, kwa baruti ileile, ganda lilelile na kichwa kilekile. Usipoelewa, unamwuliza mwenye ujuzi kabla hujagusa mizani. Sasa uandike yote uliyofanya, uniletee."

Kila jioni Jebet alisoma kitabu kile, walichoazimwa na Mzee Faraji, akitafsiri. Baba alirudia kila mstari. Mwanzoni baba hakumtazama usoni. Siku mbili kabla Jebet hajarudi shule, mudir alimruhusu baba kurudia mtihani, akafaulu.

Siku hiyo hiyo Jebet alipeleka karatasi alizoagizwa kuandika, zilizoanza na maneno 'Itangazwe kwa wakazi wote'. Mzee Faraji alizisoma zote polepole, kisha akavua miwani.

"Umeandika vizuri. Lakini huyu Jebet unayemsimulia kama jirani wa mbali, ni nani?"

Jebet alitazama viatu vyake.

"Ni mimi, Mzee. Na Profesa pia ni mimi."