Bendera ya Ken Suddaby

Siku tisa kabla ya sherehe za miaka sabini ya Malkia kwenye kiti cha enzi, mji mzima wa Hull, huko Uingereza, uliishiwa kitambaa cha bluu. Chekundu kilikuwepo tele, cheupe ndiyo usiseme, lakini ile bluu nzito ya bendera ya taifa ilikuwa imekwisha kabisa, kwa sababu kila mtaa ulikuwa unashona vibendera vya kutunga kwenye kamba. Kwa hiyo Jumanne ile, Kirsty Suddaby alipoona jora moja limebaki juu ya meza ya muuza vitambaa katikati ya soko, alisahau adabu zote alizofundishwa. Alipenya kati ya vigari vya watoto na vikapu vya mboga, akalidaka.

Upande wa pili wa jora kulikuwa na mkono mwingine.

"Pole, dada," alisema mwenye mkono. "Mimi nilikuwa nimeshalishika."

"Ulikuwa unalipapasa. Kushika ndiyo huku."

Mwanamume akacheka, lakini hakuachia. Alikuwa mrefu, nywele rangi ya mchanga, shati la jinzi limekunjwa mpaka viwikoni, na viganja vyake vilikuwa vyeupe, vimekunjamana kama vya mtu anayeshinda kwenye maji. Msafisha madirisha, Kirsty akajua mara moja.

"Unashonea mtaa gani?" akauliza yule mwanamume.

"Alma."

"Mungu wangu! Mimi natoka Inkerman."

Hapo wote wawili wakavuta kwa nguvu mpya. Mtaa wa Alma na Mtaa wa Inkerman imepeana mgongo, katikati kuna kichochoro cha mapipa ya taka tu, na haijawahi kukubaliana jambo lolote chini ya jua. Kila penye sherehe ya kifalme halmashauri hutoa kikombe kwa mtaa uliopambwa vizuri kuliko yote. Inkerman walikichukua mwaka elfu mbili na mbili. Alma wakakichukua miaka kumi baadaye. Mwaka huu ndio ulikuwa wa kumaliza ubishi.

"Sikiliza," alisema yule kijana. "Naitwa Dale Harker. Tukate katikati. Wewe nusu, mimi nusu."

"Unataka kugawana na adui?"

"Adui mwenyewe akiwa na macho kama hayo, nigawane tu."

Kirsty alitaka kununa, akashindwa. Alikuwa fundi cherehani, kibanda chake kiko humo humo sokoni, na mkasi haukosi kwenye aproni yake ya maua. Akalikata jora pale pale, moja kwa moja, bila kupima. Dale akaupigia mluzi mkasi ule.

"Na ngazi mnayo huko Alma?"

Swali hilo likamgusa pabaya. Ngazi ilikuwa kazi ya baba yake. Ken Suddaby, nahodha wa boti la kuvutia meli pale mtoni Humber, ndiye aliyepandisha vibendera vya Alma sherehe zote mbili zilizopita, na mwisho kabisa alitundika bendera yake kubwa ya taifa kwenye mlingoti mfupi juu ya mlango wao, ile aliyoipeperusha botini miaka ishirini na sita. Ken alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Mama yake Kirsty alishahamia Hispania zamani na mume mwingine. Nyumba ilibaki na Kirsty, na bendera ilibaki kabatini, imekunjwa na kuwekewa sabuni ya maua.

"Hatuna," alisema Kirsty.

"Basi nitakuja na yangu. Nipe namba yako ya simu. Usiniangalie hivyo, ni kwa ajili ya ngazi!"

Hiyo ngazi ilipiga simu usiku huo huo.

"Haloo, adui. Umekula?"

"Nashona. Nimefika kibendera cha mia moja na arobaini."

"Sisi mia mbili."

"Mwongo mkubwa wewe."

"Basi sitini. Lakini mama yangu ndiye mwenyekiti wa kamati, akisikia nimekwambia atanifukuza nyumbani."

Siku ya tatu walikula pati za viazi vya kupondwa na kukaangwa gatini, ndani ya mkate, zimemwagiwa ile chumvi nyekundu ya chipsi ambayo mtu wa Hull akikosa wiki mbili anaumwa. Kirsty alivaa gauni la kijani alilojishonea, Dale akavaa shati lililopigwa pasi upande mmoja tu. Upepo wa Humber ukawapuliza, maji ya kahawia yakapita chini yao, na Kirsty, ambaye hakuwa na desturi ya kumsimulia mtu habari za baba yake, akajikuta anasimulia.

"Nataka bendera yake ipae Jumapili kama alivyoipandisha yeye," alisema. "Hicho tu. Kikombe wachukue wanaotaka."

"Itapaa, kipenzi," alisema Dale. Lilimtoka tu, akaona haya mpaka masikio yakawa mekundu. Kirsty akatazama maji ili asionekane anatabasamu.

Jumatano jioni, sherehe zikiwa zinaanza kesho yake, Dale aliingia Alma na ngazi begani. Watu wakatoka milangoni kumtazama huyo wa Inkerman. Bwana Norman Drewery, seremala wa meli mstaafu wa miaka themanini na moja, alimkagua kuanzia viatu hadi kisogo, akasema, "Mh." Kazi ikaanza. Kamba zikavuka barabara kutoka dirisha hadi dirisha, nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, vibendera mia tatu na kumi vya nyekundu, nyeupe na bluu vikicheza juu ya magari. Ilikuwa saa mbili usiku na jua, kama kawaida ya kiangazi cha huko, bado lipo. Mwisho ikabaki bendera ya Ken. Dale akapanda, Kirsty akashika ngazi chini.

"Unajua kuifunga?" akamuuliza.

"Bendera ni bendera, mpenzi. Ngoja uone."

Akaifunga. Ikajaa upepo, ikafunguka yote. Dale akashuka haraka kuliko alivyopanda, na pale chini ya mlango, mbele ya mtaa mzima, akambusu. Alma wakapiga makofi, hata Bwana Norman akapiga la kwake moja.

Furaha ile haikufika mchana.

Asubuhi Kirsty aliamshwa na simu inayolia ujumbe juu ya ujumbe. Katika ukurasa wa mtandao wa majirani wote kulikuwa na picha ya nyumba yake. Ule mstari mpana mweupe wa mshazari, ambao upande wa mlingoti lazima ukae juu ya mwekundu, ulikuwa chini. Bendera ya Ken Suddaby ilikuwa imefungwa kichwa chini miguu juu. Kwingine labda watu wangepita bila kuona. Lakini Hull ni mji wa mabaharia, kila bibi anajua kwamba chombo kikigeuza bendera namna ile kinasema: tunazama, tuokoeni. Chini ya picha palikuwa na maneno: "Alma wanazama! Nani atawaokoa?" Aliyeandika ni Denise Harker, mwenyekiti wa kamati ya Inkerman, mama mzazi wa Dale. Watu mia nne walikuwa wameshacheka.

Kirsty alifungua dirisha la juu, akatoa kiwiliwili chote nje, akaifungua bendera na kuifunga upya huku machozi yanamdondoka hadi barabarani. Kisha akatoka na viatu vya ndani hadi kichochoroni. Dale alikuwa anakuja mbio.

"Kirsty, naapa, sikujua..."

"Mlipanga na mama yako?"

"Nini? Hapana! Nilikosea tu!"

"Mtu wa Hull asijue bendera? Mtoto wa Denise Harker? Unanifanya mjinga!" Sauti yake ilipasuka. "Unajua baba alikuwa anasemaje? Ukiona bendera imegeuzwa, huulizi nani kakosea, huulizi ni rafiki au adui. Unageuza chombo, unakwenda. Mara mbili alikwenda kwenye dhoruba, mara mbili akarudi na watu hai. Na nyinyi mmeifanya mzaha, juu ya mlango wake mwenyewe!"

"Nisikilize basi, mpenzi wangu..."

"Usiniite hivyo. Na usinipigie tena."

Alipiga. Alhamisi alipiga mara nane, Ijumaa mara kumi na moja. Jumamosi hakupiga kabisa, na hiyo ndiyo siku iliyomuuma Kirsty zaidi. Alijitia kushona mapambo ya viti, akajichoma sindano, akasema hana habari na mtu. Bwana Norman aliyekuwa anapaka rangi meza za sherehe akamtazama weee, kisha akaweka brashi chini.

"Binti, hebu nikuulize. Yule kijana alikuwa juu, hajui kitu. Sawa. Wewe ni mtoto wa Ken, bendera hiyo umeijua kabla hujajua kutembea. Ulikuwa umesimama chini yake, unashika ngazi. Ulikuwa unatazama wapi?"

Kirsty alishusha sindano yake. Alijua vizuri sana alikuwa anatazama wapi. Alikuwa anatazama mikono ya Dale, na mgongo wa Dale, na jinsi shati lilivyopanda alipojinyoosha. Bendera hakuitazama hata kidogo.

"Ndiyo hivyo," alisema Bwana Norman, akarudi kwenye rangi yake.

Jumapili mvua ilitishia tangu alfajiri, lakini nani wa kuiogopa. Meza zikapangwa katikati ya barabara, Alma nzima, vitambaa vyeupe, sandwichi za kuku wa bizari, soseji zilizoviringwa kwa unga na kuokwa, keki yenye taji la sukari. Watoto walivaa mataji ya karatasi. Kirsty alivaa gauni jeupe lenye mkanda wa bluu na viatu vyekundu, na juu yake bendera ya baba yake ilijaa upepo, safari hii imesimama vizuri. Alipoitazama alijisikia mrefu. Alijisikia pia mpweke, na hilo hakumwambia mtu.

Majaji walikuwa wameanzia Inkerman. Ghafla kelele zikapanda kutoka ng'ambo ya kichochoro.

"Shusha! Dale Harker, shusha hicho kitu sasa hivi! Majaji wako kwenye kona!"

Alma wote wakanyanyua shingo. Juu ya paa moja la Inkerman, kando ya dohani, Dale alikuwa amekaa na suti yake ya pekee, tai imepinda, manyunyu yanamlowesha. Pembeni yake alikuwa amesimamisha mlingoti, na kwenye mlingoti bendera kubwa mpya. Mstari mpana mweupe ulikuwa chini. Kichwa chini, miguu juu, mbele ya mitaa yote miwili.

"Sishushi, mama!"

"Tutakosa kikombe, mwanangu! Miaka ishirini tunangoja!"

"Sishushi mpaka mtu aje!"

Vichwa vya Alma vikageuka kimoja kimoja kumtazama Kirsty. Mtu mmoja akaanza kucheka, Bwana Norman akamkata kwa jicho.

Kirsty alisimama na kijiko cha jamu mkononi. Angeweza kukaa chini. Angeweza kumwacha alowe pale juu, Inkerman wakose kikombe, Alma washerehekee. Akaitazama bendera ya baba yake, kisha ile nyingine juu ya paa. Mtoto wa Ken Suddaby akae, akiona ishara ile? Akaweka kijiko mezani, akaondoka.

Hakwenda peke yake. Bwana Norman alichukua fimbo yake, watoto wakafuata na mataji yao, na nyuma yao akina mama na sahani mikononi, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuziweka. Alma nzima ikapita kwenye kichochoro cha mapipa, ikatokea Inkerman. Denise Harker, gauni la maua na kofia ya sherehe, alikuwa chini ya ngazi, mashavu yanawaka.

"Kirsty," alisema. "Ile picha..." Akaivua kofia. "Nilikuwa namjua baba yako. Hakustahili vile. Mdomo wangu huu nao!"

"Nishikie ngazi, Bi Denise."

Denise akaishika kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, kama inayotaka kukimbia.

Kirsty akavua viatu vyekundu, akapanda. Dale akampa mkono mwishoni, wakakaa wote kwenye ukingo wa paa, chini yao mitaa miwili, vibendera upande huu na upande ule, na vyote, ukitazama vizuri, bluu ya jora moja.

"Umekuja," alisema Dale.

"Umeita."

"Kirsty, kosa lile..."

"Huulizi nani kakosea. Unakwenda." Akafuta maji usoni, ya mvua na yasiyo ya mvua. "Lakini kwa kuwa umeanza, kosa ni letu wote. Mimi ndiye niliyetakiwa kuangalia. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Dale akacheka kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia. "Nikuulize kitu?"

"Tugeuze bendera kwanza."

Wakaifungua. Kirsty akamwelekeza, mpana mweupe juu, karibu na mlingoti, fundo hivi, halafu hivi. Mikono yao ikakutana kwenye kamba, ikakaa hapo muda mrefu kuliko fundo lolote linavyohitaji.

Chini, jaji mwenye mwavuli akafika, akainua kidevu. "Kuna dharura hapa?"

"Ilikuwepo," alisema Denise. "Imeshafikiwa."

"Sasa niulize," Kirsty alisema kule juu.

"Utanikubali? Nikuoe? Hata kama itabidi nihamie Alma?"

"Lazima uhamie Alma. Ndiyo, Dale. Ndiyo, mpenzi wangu!"

Hilo la mwisho lilisikika mitaa yote miwili, na kelele zilizofuata zilitimua shakwe kwenye madohani. Kikombe kilikwenda mtaa mwingine kabisa, upande wa pili wa mji, na wala hakuna aliyeuliza upi. Lakini wakati ule bado wawili hao walikuwa juu, wanaangaliana, kamba mkononi, na Denise Harker akaona hatari inarudi pale pale.

"Msitazamane!" alipiga ukelele kutoka chini, ameishika ngazi. "Tazameni bendera!"

Wakaitazama. Ilikuwa imesimama sawasawa.